Jicho la Kulia na Maji ya Mlimani

Kama unasoma haya huku jicho lako moja limefunikwa, acha kusoma. Mpe mtu mwingine simu akusomee, nawe ulale chali ufumbe na lile zima, maana jicho zima likihangaika, gonjwa nalo linahangaika. Hilo sikuambiwa mapema nikajitesa bure. Jina langu ni Honorata. Nimezaliwa Kibosho, nimepanga chumba Njoro hapa Moshi, na kazi yangu ni kuongoza wageni mlimani. Nimezoea kuwaambia watu waende polepole na wanywe maji mengi. Mwaka huu ni mimi niliyeambiwa niende polepole, na habari ya maji utaisikia.

Nimevaa miwani tangu darasa la tano. Miwani na mlima havipatani. Ukipanda juu, pumzi yako mwenyewe inaitia ukungu, na kwenye baridi kali ule ukungu unaganda, ukawa unatembea kama mtu aliyefunikwa ndoo. Kuna safari mgeni mmoja, mama wa makamo, alinishika mkono kwenye mawe kwa sababu aliniona napapasa. Mgeni ananishika mkono mimi mwongozaji! Wapagazi walinicheka mpaka tukarudi getini, na walikuwa na haki. Mwenye kampuni hakucheka. Alikuwa ameshaniahidi kwamba msimu unaofuata nitapewa kundi langu mwenyewe, niwe mkuu wa safari, ila aliniambia wazi kwamba macho yangu yanamnyima raha.

Ndipo nikaenda kwa Dokta Nasrin, ambaye familia yake ina duka la miwani mjini tangu enzi za babu yake. Ni mwanamke mfupi, mpole, anayeongea Kiswahili cha Moshi vizuri kuliko mimi. Akanieleza habari ya lenzi za usiku. Unazivaa unapokwenda kulala, zinakandamiza kioo cha mbele cha jicho taratibu usiku kucha, asubuhi unazitoa, na mchana kutwa unaona bila miwani. Usipozivaa siku mbili tatu, jicho linarudi lilivyokuwa. Nilimwambia hiyo ni habari ya waganga. Akacheka, akanionyesha mistari ya herufi waliyoweza kusoma watu aliokwisha kuwasaidia, kabla na baada.

Aliponikabidhi lenzi zangu, na kikasha chake kidogo cha kuzilaza mchana ndani ya dawa yake, alinipa onyo moja akalirudia mpaka nikaona ananidharau.

"Honorata, hizi na maji ni maadui. Maji ya bomba, ya chupa, ya kuchemsha, hata ya baraka. Yote. Dawa yake tu, na mikono mikavu."

Nikamwambia nimesikia. Na nilitii. Nataka ujue hivyo tangu sasa.

Asubuhi ya kwanza nilitoka uani Njoro na mswaki mdomoni, nikainua uso, nikauona mlima wenyewe, na mikunjo ya barafu na mabonde yake, bila kitu chochote puani. Nilisimama pale mpaka jirani akaniuliza kama nimeona jini. Miezi mitatu nilipanda na kushuka nikiona kama kunguru. Wapagazi walikosa la kunicheka wakahamia kwenye kofia yangu.

Kisha ikafika Krismasi. Sisi Wachagga tunafahamika kwa hilo: Desemba ikiingia, aliye Dar, aliye Mwanza, aliye Mbeya, wote tunarudi nyumbani, na asiyerudi anaulizwa kama ni mzima. Nilipanda Kibosho na begi langu. Kaka yangu mkubwa, Proches, alikuja kutoka Dar na mkewe na watoto. Nyumba ikajaa, tukalala wanne wanne. Mama yetu anaishi peke yake pale kihambani, kwenye shamba la migomba la ukoo, tangu baba alipofariki, na Krismasi kwake ni vita dhidi ya uchafu. Anafua mapazia, anasugua masufuria mpaka yanaonekana mapya, anapiga deki hata pale ambapo watu hawakanyagi. Zile siku nne nilivaa lenzi zangu usiku, nikazitoa asubuhi na kuzilaza kwenye kikasha dirishani, nikala nyama na ndizi, nikaenda misa, nikacheza na watoto. Sikuona kosa lolote. Nikashuka zangu mjini.

Mwaka mpya ulikuwa haujakaa sawa nilipoanza kuhisi punje ya mchanga kwenye jicho la kulia. Nikatoa lenzi, nikangoja. Punje ikawa jiwe. Siku iliyofuata mwanga ulianza kuniumiza, na ninaposema kuumiza simaanishi kukera. Mtu akifungua mlango ilikuwa kama ananigonga msumari. Nilijifungia chumbani, nikaziba dirisha kwa blanketi, nikalala kifudifudi na taulo usoni. Machozi yalitiririka mpaka ngozi ya shavu ikababuka. Nimewahi kuteguka mguu mlimani nikashuka nao, na nimeumwa jino wiki nzima porini, ila sijawahi kupata maumivu kama yale. Ukiyapata, usikae nyumbani ukisubiri yapoe. Nilikaa siku mbili, na hizo mbili nazijutia.

Dokta Nasrin aliniweka kwenye ile mashine ya kuegeshea kidevu, akawasha taa yake, akatazama. Ni mtu wa maneno mengi. Safari hii aliizima ile taa na kutafuta funguo. Kisha akafunga duka mchana kweupe, akanipakia kwenye gari lake mwenyewe na kunipeleka hospitali ya rufaa.

Kama hujawahi kukaa kwenye mabenchi ya kliniki ya macho, nikwambie kulivyo. Kila mtu amevaa miwani myeusi. Tumekaa safu kwa safu tumeinamisha vichwa, tunafanana na bendi iliyochoka. Hakuna anayemtazama mwenzake, kwa hiyo watu wanaongea kwa uhuru kama walio kwenye giza, na siku moja unajua habari za ndoa za watu ambao hutawatambua ukikutana nao sokoni. Jina lako likiitwa unainuka na kunyoosha mkono mbele, na daima kuna mkono wa mtu unaokupokea. Mikono ile siisahau.

Nikalazwa. Daktari wa wodi, kijana mwenye sauti nzito, akaniuliza maswali yale yale aliyoyauliza Dokta Nasrin. Nililala na lenzi kwa usiku tu? Ndiyo. Niliogelea? Hapana. Lenzi ziliguswa na maji? Hapana. Maji ya aina yoyote? Nilimjibu kwa kiburi cha mwanafunzi aliyefanya kazi yake ya nyumbani kwamba hapana, mimi nafuata maagizo, kazi yangu ni maagizo. Akaandika. Nikaanzishiwa matone.

Matone hayakusaidia. Wakabadilisha, nayo yakagonga mwamba. Januari ikaisha nikiwa pale pale, na jicho lilikuwa limevimba, kope zimeanza kudondoka, na pale palipokuwa na weusi wa mboni palikuwa na wingu. Nguo zilinipwaya. Nilijaribu kutazama mkono wangu kwa jicho lile, nikaona mwanga na kivuli, basi. Mwenye kampuni alikuja na machungwa, akakaa kidogo, akaniambia kundi langu amempa mwenzangu kwa sasa. Alisema "kwa sasa" mara nyingi mno.

Aliyenisaidia zaidi siku zile alikuwa mgonjwa wa kitanda cha jirani, Mama Zuhura, muuza dagaa wa Pasua aliyekuja kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho uliokuwa ukiahirishwa kila wiki. Sikujua sura yake. Nilimjua kwa sauti na kwa harufu ya karafuu. Siku ya kwanza alinisikia nikiguna kila pazia likipepea, akainuka bila kuulizwa, akafungua kanga yake na kuitundika dirishani upande wangu, akabaki na gauni la hospitali.

"Usinishukuru," alisema. "Hiyo kanga ina maneno mabaya, niliinunua kwa ajili ya wifi yangu. Wewe huwezi kuyasoma, kwa hiyo ndiye mtu anayefaa."

Nilicheka, na kucheka kuliniuma, nikacheka tena.

Mwanzoni mwa Februari daktari wa wodi alikaa kitandani kwangu, kitu ambacho hakuwahi kufanya. Aliniambia kuna duara jeupe limejitokeza kwenye kioo cha jicho, na dawa zote alizonazo haziligusi. Akasema kama hali itaendelea hivi, tutaanza kuzungumza juu ya kulitoa kabla ugonjwa haujasambaa. Nilimuuliza kulitoa nini. Akasema jicho. Nilikuwa nimeelewa tangu mwanzo, nilitaka tu alitamke yeye.

Mpaka hapo mama hakujua lolote. Tulikuwa tumemwambia nina macho mekundu, kwa sababu presha yake inapanda kwa habari ndogo kuliko hizo. Baada ya neno lile nikamwomba Proches ampigie simu. Kesho yake alfajiri mama alishuka kutoka Kibosho na chupa ya mtori na sweta yake ya bluu ya kanisani. Nilisikia hatua zake kabla hajafika. Alinishika kichwa chote kwa mikono miwili, kama anapima boga, wala hakulia.

Daktari alipofika kwenye raundi aliamua kuanza upya, kama mtu aliyepotea njia akarudi kwenye njia panda. "Honorata, tufikiri tena. Lenzi hizi, au kikasha chake, havikugusa maji kabisa?"

"Hapana, daktari. Nimeshasema."

"Kikasha gani?" mama akauliza. "Kile kidogo chenye vifuniko viwili? Mbona mimi nilikiosha."

Wodi haikunyamaza, kuna mtu alikuwa anakohoa na toroli la chai linapita. Ila mimi sikusikia kingine.

"Ulikiosha lini, mama?" daktari akauliza taratibu.

"Siku ile kabla ya Krismasi. Nilikuta yale maji yake yamelala tangu asubuhi, nikasema mwanangu atatia macho maji yaliyochacha? Nikayamwaga. Nikaosha na vile vioo vyenyewe, polepole, visivunjike. Nikavijazia maji masafi." Sauti yake ilikuwa ya mtu anayejua amefanya vizuri. "Siyo ya bomba, daktari. Ya chemchemi ya juu kabisa, kabla mfongo haujafika kwenye mashamba ya watu. Nilikwenda kuyachota mwenyewe. Maji yale yanatoka kwenye mlima, hayana kitu. Hata padri huwa anachotewa yale."

Lazima uwe mtu wa kwetu ili uelewe. Mifongo ile babu zetu waliichimba kwa mikono kuleta maji kihambani, na kila ukoo unaapa kwamba maji yake ni matamu kuliko ya jirani. Mtu akiwa hajisikii vizuri anapewa maji ya mlimani. Mtoto akizaliwa anaogeshwa nayo. Mama yangu alipanda mpaka chemchemini na ndoo kichwani ili macho yangu yapate kilicho bora kuliko vyote alivyo navyo. Na mimi jioni ile nilimwaga yale maji kama ninavyomwaga dawa kila siku, nikavaa lenzi, nikalala.

"Asante, mama," daktari alisema. "Asante sana." Akatoka karibu anakimbia.

Mama akamgeukia Mama Zuhura akasema kwa furaha kidogo, "Nadhani nimemsaidia."

Alikuwa amemsaidia kweli. Siku ile ile walinikwangua kioo cha jicho kwa kisu kidogo, wakapeleka maabara, wakarudi na jibu. Kuna kijidudu kinachoishi kwenye maji, hata masafi, ambacho ukikinywa hakikufanyi kitu, ila kikipata nafasi kati ya lenzi na jicho kinageuka balaa. Dawa yake ni nyingine kabisa. Ilibidi ichanganywe maalumu, na ilibidi itiwe kila saa, mchana na usiku, na daktari hakuficha kwamba huenda tumechelewa.

Nani alimweleza mama? Proches, kwa simu, kwa sauti ambayo wodi nzima iliisikia. "Mama, umempofusha mtoto! Ni nani aliyekwambia uguse vitu usivyovijua?" Mama alikuwa ameshika simu mbali na sikio. Nilitakiwa nimkatize kaka yangu. Badala yake nikasema, "Kila kitu lazima ukioshe. Kila kitu!" Nilikuwa na hasira, na sitaisingizia maumivu. Niliona kundi langu, mlima wangu, uso wangu wenyewe, vyote vimeoshwa kwa ndoo moja. Mama alirudisha simu kwenye mkoba na kuufunga zipu.

Hakuondoka. Manesi walikuwa wachache, kwa hiyo ndugu ndio waliotia matone, na mama akachukua kazi hiyo. Kila saa niliusikia mkono wake ukinifungua kope, tone linashuka, linachoma kama pilipili, kope inafungwa. Alikuwa akikaa kulia kwangu siku zote, kwenye kigoda kati ya kitanda na ukuta, mahali pabaya pasipo nafasi ya kunyoosha miguu. Nilidhani ni kwa sababu jicho gonjwa lilikuwa upande huo. Jicho la kushoto lilikuwa limeanza kuvumilia mwanga, nikawa naona wodi, naona kanga ya Mama Zuhura, nikaisoma na maneno yake, ambayo kwa kweli ni mabaya. Mama sikumwona. Alikuwa mkono na sauti inayosema "tone" na "tayari". Hatukuongea kingine. Kwaresma ikaanza, na kimya chetu kikaonekana kama mfungo.

Dawa ikipambana na kile kitu jicho linazidi kuwa baya kwanza. Hili nalo, niambie, nani aliniambia? Lilivimba likawa kama yai, nikaamini ndiyo mwisho. Kama upo hapo sasa hivi, vumilia, muulize daktari wako kila siku hata akikuchoka, na usiache matone kwa kuwa yanachoma.

Masika yalishaanza kunyesha, bati la hospitali likipiga kelele, mama alipokwenda nyumbani siku moja kuangalia ng'ombe. Mchana wa siku ya pili yake Mama Zuhura, ambaye alikuwa ameruhusiwa lakini amekuja kliniki ya kuangaliwa, alikaa kitandani kwangu. Ilikuwa saa ya kupumzisha macho, nilikuwa nimeyafunika yote mawili kwa kitambaa.

"Mama yako yuko nje kwenye benchi," alisema. "Kakataa kuingia. Kanipa jani, kasema nikukabidhi mkononi. Ni dawa? Mbona linafanana na majani ya kwenye chungu cha maua?"

Akaniwekea mkononi. Lilikuwa refu, laini, lenye ubaridi wa mvua, na chini yake kipande cha shina. Nilijua kabla vidole havijafika nchani. Lilikuwa isale.

Kwetu mtu akikukosea kosa kubwa, kosa ambalo maneno hayalifikii, anakutumia jani la isale kupitia mtu mwingine. Likishafika mkononi mwako huna tena ruhusa ya kukataa. Hata damu husamehewa kwa isale. Linapelekwa na mdogo kwa mkubwa, jirani kwa jirani, ukoo kwa ukoo. Sijawahi kusikia mzazi akimletea mwanawe. Nilishika lile jani nikaogopa, kama mtu aliyemwona mama yake amepiga magoti njiani. Hasira yangu yote ya wiki zile haikuwa na mahali pa kusimama.

"Mwite," nilimwambia. "Tafadhali, mwite upesi."

Mama Zuhura akaenda kumwita. Nikasikia hatua za mama, zikaja mpaka kwenye kile kigoda cha kulia, zikakoma.

"Mama, hili siyo la kuniletea mimi. Mimi ni mtoto."

"Nimelikata pale kwenye kaburi la baba yako," alisema. "Nilimwambia nalikata kwa nini. Nimelikata na shina, ukitaka utalipanda. Sikujua, Hono. Yale maji nayajua tangu nazaliwa, na sikujua."

Machozi kwenye jicho lile yalikuwa moto mtupu, lakini nililia hivyo hivyo. Nikatafuta mkono wake, nikauweka juu ya jani, nikasema maneno ambayo nadhani niliwahi kuyasema kwa Kichagga nilipokuwa mdogo tu: "Aika, mae." Asante, mama. Sikuwa na jingine. Mama Zuhura alikuwa amesimama pale hajui afanye nini, akaanza kulia na yeye kwa jicho lake jipya, nesi akaja kutugombeza sote watatu.

Nadhani ungependa nikwambie kwamba kuanzia siku ile jicho lilipona. Halikupona kwa sababu hiyo. Lilianza kutulia baada ya Pasaka, kidogo kidogo, kwa sababu ya matone. Kila saa ikawa kila saa mbili, kisha kila saa nne, nikaruhusiwa kurudi Njoro na mama akaja na mimi. Isale nililipanda kwenye kopo la rangi, nikaliweka mlangoni. Kila asubuhi nilifunika jicho la kushoto na kulitazama kwa la kulia. Wakati wa masika lilikuwa ukungu uliokolea kidogo kuliko ukungu mwingine. Baridi ya Julai ilipoingia ukungu ule ulikuwa na rangi ya kijani. Hapo ukasimama. Daktari alisema kijidudu kimekufa lakini kimeacha kovu katikati ya kioo, na kovu likikaa vibaya jicho litabaki la kuona mwanga tu. Tungoje. Kungoja huku kulinitesa kuliko kule kwa kwanza, kwa sababu hakukuwa na maumivu ya kunishughulisha.

Mama alipanda Kibosho kuchuma kahawa, akashuka, akapanda tena. Alianza kuchemsha maji yote, hata ya kuoshea vyombo, hata ya kumwagilia isale, ambayo aliyapooza kwanza kwenye beseni. Nilimtania kwamba atalipika lile jani. Alitabasamu, nadhani. Maana hata pale chumbani kwangu, penye viti viwili tu, daima alikaa kulia kwangu, na nilipogeuza kichwa aliinuka kwenda kuangalia kitu jikoni. Hapo ndipo nikaelewa kigoda cha hospitali. Nilikuwa nimelipokea isale lake. Yeye alikuwa bado hajaweza kukaa mahali ninapomwona.

Siku ya kliniki ya Oktoba mvua za vuli zilikuwa zinanukia. Mama alishuka Kibosho gizani ili tuwahi foleni, akanikuta kwenye benchi, akakaa kulia. Niliitwa. Daktari akaniwekea kitu cheusi kwenye jicho la kushoto na kunigeuzia ubao wa herufi. Mara zote zilizopita nilisema naona mwanga. Safari hii kulikuwa na kitu. Nikainamisha kichwa upande mmoja, kama kuku, nikapata mahali ambapo kovu halijaziba. Nikasoma herufi ya juu. Nikasoma mstari wa pili. Wa tatu nikakosea moja. Wa nne haukuwepo.

"Basi," daktari alisema, na ile sauti yake nzito ilikatika kidogo. "Halitakuwa kama zamani. Miwani itarudi, na hizo lenzi usizitaje tena. Lakini hili jicho linabaki kwako, na mlimani utapanda."

Sasa napanda. Bado si mkuu wa safari, miwani imerudi puani, ukungu nao umerudi, na wapagazi wana kazi tena. Hayo utayavumilia, yote yanavumilika. Ila ninachotaka kukuachia ni yale ya nje ya kile chumba.

Mama alikuwa bado kwenye benchi ameinamisha kichwa. Nilikaa kushoto kwake, yeye akiwa kulia kwangu, mahali alipopataka mwenyewe.

"Wamesemaje?" aliuliza, akiangalia sakafu.

Nilivua miwani myeusi, nikafunika jicho la kushoto kwa kiganja, nikamgeukia, nikainamisha kichwa kama kuku mpaka nikapapata pale mahali. Alikuwa na ukungu kila upande. Katikati alikuwepo: mvi ambazo Krismasi hazikuwepo, shavu limeingia ndani, ile sweta ya bluu.

"Mama," nikasema, "sweta umeivaa nje ndani. Mishono yote iko juu."

Alijitazama haraka kwa aibu, akashika vifungo kutaka kuivua. Kisha mikono ikasimama. Akainua uso, akanitazama kiganja.

"Umefunika lipi?"

"La kushoto."

Alikaa vile akinitazama, na mimi nikimtazama, watu wa miwani myeusi wakitupita. Sweta hakuigeuza. Aliivaa hivyo hivyo mpaka Kibosho.